Kisa Hakianzi Siku ya Mauaji: Podikasti za Uhalifu na Udhibiti wa Kimabavu Nyumbani

Podikasti nyingi za visa vya kweli vya uhalifu hufunguka kwa namna moja. Ni usiku, mbwa wanabweka, jirani anasikia kelele, polisi wanavunja mlango. Msimulizi anashusha sauti, muziki unapanda. Dakika 40 baadaye msikilizaji anajua aina ya silaha, saa ya tukio, kazi ya muuaji na hata rangi ya gari lake. Kuhusu aliyeuawa anajua kwamba alikuwa mama wa watoto watatu na mtu wa watu. Ndipo linapokuja lile swali linaloulizwa saluni, kwenye taksi na hata msibani: "Lakini kwa nini hakuondoka?"

Swali hilo linazaliwa na mpangilio wa simulizi. Ukianza na siku ya mwisho, miaka sita iliyotangulia inageuka kuwa muda ambao mwanamke alikaa tu akisubiri mabaya. Ukianza na siku simu yake ilipochukuliwa kwa mara ya kwanza, ukaendelea na siku alipoacha kwenda kwa dada yake, kisha siku alipoanza kuomba ruhusa ya kwenda sokoni, msikilizaji atafika siku ya mauaji akijua kila mlango ulifungwa lini na nani alishika ufunguo. Hapo hana haja ya kuuliza kwa nini hakuondoka. Amekwisha kumwona akizuiwa.

Tofauti hiyo ndiyo inayozitenga podikasti zinazomweka mwathiriwa katikati na zile zinazouza hofu. Kuwa na huruma katika sauti hakutoshi. Kazi yenyewe ni kuupanga ushahidi upya, na kazi hiyo inahitaji kwanza kuelewa uhalifu unaosimuliwa.

Kinachoibiwa ni uhuru

Mwanasosholojia wa Marekani Evan Stark, aliyefariki mwaka 2024, ndiye aliyeliimarisha wazo la udhibiti wa kimabavu kupitia kitabu chake cha mwaka 2007. Alilalamika kwamba polisi, mahakama na hospitali huuhesabu ukatili wa nyumbani kwa mapigo: kofi la Januari, teke la Machi, kila moja likiwa faili lake. Stark aliwataka waangalie kinachoendelea katikati ya kofi na teke. Huko ndiko alikoyaona mambo manne yakifanya kazi kwa pamoja: ukatili wa mwili, vitisho, kumtenga mtu na watu wake, na kuyasimamia maisha yake ya kila siku kuanzia fedha hadi mavazi. Kofi linaweza kuja mara moja kwa mwaka, au lisije kabisa, na mtu bado akawa mateka ndani ya nyumba aliyoipaka rangi kwa mikono yake.

Zaidi ya miaka 20 kabla ya kitabu hicho, mwaka 1984, watetezi wa wanawake katika mji wa Duluth, jimbo la Minnesota, walikuwa wamechora gurudumu la mamlaka na udhibiti, ambalo mpaka leo hutumika kufundishia duniani kote. Tairi la nje ni ukatili wa mwili na wa kingono. Ndani yake zimo spoki: kutisha, kudhalilisha, kutenga, kukana kosa na kumrudishia mwenzako lawama, kutumia watoto, kushika fedha. Mchoro ni mzuri, ila anayetengeneza podikasti Uganda akiutafsiri ulivyo atawaacha wasikilizaji wake nje. Spoki za hapa zina sura zake.

Chukua mfano wa kubuni wa mwanamke anayeuza mitumba katika soko la Owino, Kampala. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha taifa cha mume "kwa sababu chako kilikuwa bado hakijatoka". Maana yake ni kwamba siku mume akitaka anakwenda dukani, anaomba laini mbadala, na simu ya mkewe inakufa papo hapo pamoja na pesa zote zilizokuwa kwenye akaunti ya simu. Hahitaji kumgusa. Namba ya siri anaijua. Kila jioni anakagua salio na ujumbe wa miamala, na upungufu wa shilingi 5,000 unahojiwa hadi usiku wa manane. Dereva wa bodaboda anayempeleka sokoni amechaguliwa na mume. Dada mtu akija kutembea, mume ananuna siku tatu, mpaka dada anaacha kuja mwenyewe. Hakuna aliyemkataza.

Halafu kuna mahari. Kesi ya Mifumi, shirika la kutetea haki za wanawake lenye mizizi yake Tororo, ilifika Mahakama ya Juu ya Uganda, na tarehe 6 Agosti 2015 majaji waliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo haujafika kila boma. Mwanamke anayeamini kwamba akirudi nyumbani baba yake atatakiwa kutoa ng'ombe waliokwisha kuliwa au kuuzwa hawezi kurudi, na mume anayelijua hilo hana haja ya kufunga mlango. Podikasti ikitaja tarehe hiyo na kilichoamuliwa, kwa sentensi mbili tu, imemwondolea msikilizaji kufuli moja.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, ambako Kiswahili kinasikika sana midomoni mwa waliotoka Kongo, kufuli huwa ni karatasi. Hati ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu huwaorodhesha watu wa kaya nzima pamoja, na anayeishika hati anashika njia ya kupata mgawo na huduma. Mwanaume anayeficha karatasi hiyo anamdhibiti mke na watoto bila kuinua mkono. Kisa cha Nakivale kisichoitaja karatasi hiyo kimesimuliwa na mtu asiyeijua Nakivale.

Spoki moja huwatega hata wasimulizi wenye nia njema: ushauri wa ndoa. Senga, yaani shangazi wa upande wa baba, mama mkwe au mzee wa kanisa anaposema "vumilia, ndoa ndivyo ilivyo", mara nyingi anasema kwa upendo. Ila mdhibiti huyachukua maneno hayo na kuyafanya ukuta. Simulizi nzuri inaonyesha jinsi ukuta ulivyojengwa bila kumgeuza shangazi kuwa mshtakiwa, kwa sababu ukimshtaki, masenga wote wanaosikiliza watazima redio, na hao ndio unaowahitaji zaidi.

Ugomvi na udhibiti si kitu kimoja

Hapa podikasti nyingi huteleza. Zinasoma orodha ya dalili 15, na kila msikilizaji anajikuta amemwona humo mumewe au mkewe, na yeye mwenyewe pia. Wivu wa siku moja na kelele za kodi ya nyumba ni ugomvi. Ili kutofautisha, msimulizi aulize mambo matatu kuhusu kila kisa. Je, tabia inajirudia kwa mpangilio unaolenga upande mmoja? Je, mmoja amebadilisha maisha yake ya kila siku kwa kuogopa, akaacha kazi, akakata mawasiliano, akaanza kupima maneno kabla ya kuyasema? Na akikataa, kuna adhabu? Katika ugomvi wa kawaida wote wawili wanaweza kusema "sikubali", kisha wakalala. Katika udhibiti, "sikubali" ina bei, na anayeilipa ni yule yule kila mara.

Sheria ya Uingereza na Wales iliyoanza kutumika tarehe 29 Desemba 2015 inapita karibu na maswali hayo. Inataka tabia iwe ya kujirudia au ya mfululizo, na iwe imemfanya mwathiriwa, angalau mara mbili, aogope kwamba atafanyiwa ukatili, au imemletea taharuki iliyovuruga kwa kiasi kikubwa shughuli zake za kila siku. Adhabu ya juu ni kifungo cha miaka 5. Uskoti iliweka miaka 14 katika sheria yake ya 2018, iliyoanza kutumika Aprili 2019. New South Wales nchini Australia ilianza Julai 2024, kwa kifungo cha hadi miaka 7.

Uganda haina kosa lenye jina hilo. Hata hivyo msimulizi anayesema "hapa hakuna sheria" anawapotosha watu, na kosa hilo linaudhi kwa sababu ni rahisi kuliepuka. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 inataja ukatili wa kiuchumi, wa kihisia, wa maneno na wa kisaikolojia. Ndani yake umo mwenendo wa kudhalilisha unaojirudia, pamoja na wivu na umiliki unaovuka mipaka hadi kuingilia faragha na uhuru wa mtu. Kumnyima mtu rasilimali anazostahili kumo pia. Inawahusu waliooana, waliowahi kuoana, wanaoishi pamoja bila ndoa, na hata mfanyakazi wa ndani na mwajiri wake. Adhabu ni faini isiyozidi pointi 48 za sarafu, yaani shilingi 960,000 kwa kuwa pointi moja ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Hakimu anaweza kutoa amri ya ulinzi, na amri ya muda wakati shauri likiendelea. Anayeomba anaweza kuwa mwathiriwa mwenyewe au anayemwakilisha.

Tatizo liko njiani. Sheria hiyo inaruhusu malalamiko kuanzia mahakama ya baraza la mtaa, ambayo inaweza kuamuru onyo, msamaha, ushauri nasaha, fidia, upatanisho, au faini isiyozidi pointi 25. Kwa ugomvi wa majirani hilo lina maana. Kwa udhibiti, upatanisho mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, unaweza kuwa hatari: mwanamke anatakiwa kueleza hofu yake mbele ya anayeogopwa, kisha wanarudi nyumba moja jioni ile ile, na mume sasa anajua nani alisema nini. Sheria yenyewe imeliona hilo, ndiyo maana inalitaka baraza lipeleke shauri polisi na kwa hakimu pale ambapo mkosaji ni wa kurudia au mwathiriwa anaonekana yuko katika hatari zaidi. Wenyeviti wengi hawaisomi sehemu hiyo. Kipindi kizuri kinaweza kuisoma kwa sauti.

Polisi wana Kitengo cha Ulinzi wa Watoto na Familia. Aliyeumizwa hupewa fomu PF3 ya uchunguzi wa daktari, na aliyefanyiwa ukatili wa kingono hupewa PF3A. Fomu hizo huandika majeraha, siyo miezi ya kunyimwa simu. Kwa hiyo ushahidi wa udhibiti unabidi ukusanywe pembeni: daftari la tarehe na matukio, ujumbe uliohifadhiwa, taarifa ya miamala ya simu, jina la jirani aliyesikia. Daftari lisikae nyumbani.

Bukwo na Endebess

Tarehe 11 Agosti 2024 Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Uganda na sajini katika jeshi, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris na kumaliza wa 44. Tarehe 1 Septemba alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, katika kaunti ya Trans-Nzoia nchini Kenya, alikokuwa akiishi ili awe karibu na vituo vya mazoezi. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya rufaa Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33. Mwanaume aliyemshambulia alikufa siku chache baadaye kwa majeraha ya moto ule ule. Rebecca alizikwa Bukwo, mashariki mwa Uganda, tarehe 14 Septemba kwa heshima za kijeshi.

Vyombo vingi vilianza na petroli. Lakini taarifa za polisi za siku hizo zilisema majirani waliwasikia wawili hao wakigombana kuhusu kiwanja, na familia yake ilizungumzia kiwanja hicho na nyumba iliyojengwa juu yake. Podikasti inayomweka Rebecca katikati ingeanzia hapo: ardhi, fedha za mbio, nani anadai nini, na kwa nini mwanamke anayekimbia kilomita 42 hakuweza kuishi kwa amani katika nyumba yake. Wanariadha wa eneo hilo wa mpaka wanalijua swali la nani anashika fedha za zawadi. Tirop's Angels, shirika lililoundwa nchini Kenya baada ya kuuawa kwa mwanariadha Agnes Tirop mwaka 2021, linafanya kazi hasa na wanawake walio katika hali hiyo.

Tumeandika aya hizo mbili bila jina la aliyemwua Rebecca. Msomaji hajapungukiwa na kitu.

Kupanga kisa kwa mstari wa uhuru

Mtafiti wa Uingereza Jane Monckton Smith wa Chuo Kikuu cha Gloucestershire alichambua mauaji 372 ya wenza, na mwaka 2019 akachapisha mfuatano wa hatua nane: historia ya mhusika kabla ya uhusiano, mapenzi yanayokwenda mbio mno, maisha yaliyotawaliwa na udhibiti, kichocheo (mara nyingi kuachwa au tishio la kuachwa), kuongezeka kwa vitisho, kubadilika kwa fikra, mipango, kisha mauaji. Kwa mtengenezaji wa podikasti huo ni uti wa mgongo wa hati. Unamwambia pia ni wapi pa kusitasita muuaji anaposema mahakamani "shetani alinipitia" au gazeti linapoandika "wivu wa mapenzi". Aliyenunua petroli asubuhi hakupitiwa na kitu jioni.

Kazi huanzia kwenye nyaraka. Hukumu nyingi za mahakama za Uganda zinapatikana bure kwenye hazina ya mtandaoni ya ULII. Chagua kesi iliyokwisha, rufaa zikiwemo. Soma hukumu ukiwa na karatasi yenye safu mbili: kushoto andika tarehe na alichofanya mdhibiti, kulia andika alichopoteza mwathiriwa siku hiyo. Mfano: kushoto "Juni, alivunja simu", kulia "hakuweza tena kumpigia mama yake". Safu ya kulia ndiyo hati yako. Ukiona safu ya kulia ina mistari mitatu tu na ya kushoto ina thelathini, bado hujamjua mtu unayemsimulia, rudi ukazungumze na waliomfahamu.

Katika kipindi cha dakika 30, mauaji yenyewe yasizidi dakika 3. Usiweke mlio wa mapigo wala kilio kilichoigizwa. Usieleze jinsi mdhibiti alivyoufuatilia mwendo wa mwathiriwa kwa simu kiasi cha mtu mwingine kuweza kuiga. Sema kwamba alifuatiliwa, kisha eleza jinsi mtu anavyokagua vifaa vilivyounganishwa na akaunti yake ya WhatsApp, jambo linalomsaidia anayefuatiliwa.

Jambo moja lisiachwe kamwe: kukabwa koo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa baadaye unaozidi mara 7 ule wa asiyewahi kukabwa. Shingo mara nyingi haionyeshi alama. Sauti kukwaruza, maumivu ya kumeza, madoa madogo mekundu machoni, kujikojolea au kupoteza fahamu ni sababu za kwenda hospitali siku hiyo hiyo na kumwambia daktari wazi "nilikabwa", ili iandikwe kwenye PF3. Kisa chochote chenye kukabwa kinapaswa kusimama hapo na kulieleza hilo hata kama simulizi itapoteza kasi yake.

Kesi ambayo haijaisha ni mtego. Mwaka 2018 podikasti ya Australia kuhusu Lynette, mama aliyetoweka Sydney mwaka 1982, ilisikilizwa na mamilioni na kuirudisha kesi hadharani. Mwaka uliofuata ikabidi iondolewe hewani nchini humo ili isiharibu kesi. Mashahidi walikuwa wamesikia ushahidi wa wenzao masikioni mwao, na hatimaye kesi ikasikilizwa na jaji peke yake, bila jopo la raia. Mume alitiwa hatiani Agosti 2022. Uganda haina jopo la raia, kwani kesi za mauaji husikilizwa Mahakama Kuu na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ila shahidi aliyeharibiwa kumbukumbu na kipindi cha redio ameharibika hapa sawa na kule. Kuna funzo la pili katika kisa hicho, na kwetu ndilo kubwa zaidi: baada ya hukumu, ndugu zake waliomba aitwe Lynette Simms, jina lake la kuzaliwa, siyo jina la mume aliyemwua. Uliza swali hilo kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Angependa kuitwa nani?

Msikilizaji aliye chumba kimoja na mdhibiti

Podikasti hii itasikilizwa na mtu anayejitambua ndani yake dakika ya 12, huku anayemwogopa akila chakula mezani. Kila uamuzi wa kiufundi uanze na mtu huyo.

Jina la kipindi na picha yake visitangaze mada. "Kipindi cha 7: Shamba la Bukedea" ni salama zaidi kuliko "Je, mumeo anakudhibiti?" Jina la faili nalo vivyo hivyo, maana simu ikikaguliwa faili ndilo linaloonekana kwanza. Sekunde 20 za mwanzo zimwambie asikilize akiwa peke yake, na zimkumbushe kufuta faili na historia ya kusikiliza ikiwa simu yake hupekuliwa. Nusu dakika ya kwanza isiwe na neno la kushtua litakalosikika chumba cha pili.

Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 lina ushuru wa asilimia 12. Kipindi cha dakika 30 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 29. Kwa kilobiti 64, chaneli moja, ni kama 14. Kwa kilobiti 32 kinashuka hadi 7, na sauti ya mazungumzo bado inaeleweka vizuri. Toa hilo la mwisho kwa WhatsApp, na lile la kilobiti 64 kwa wanaonakili kwenye memori kadi. Vizindalo vya mtaani, vile vipaza sauti vilivyofungwa juu ya nguzo, vinafika kwa asiye na simu, lakini usivitumie kwa kisa cha mtu wa mtaa huo, na usivitumie kwa sehemu inayofundisha mpango wa kuondoka. Mdhibiti naye ana masikio.

Kuhusu kuondoka, podikasti isiseme "ondoka leo". Kipindi cha kuachana ndicho chenye hatari kubwa kuliko vyote, kama hatua ya nne ya Monckton Smith inavyoonyesha. Eleza maandalizi badala yake: nakala za kitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za kliniki zikae kwa mtu wa kuaminika, laini iliyosajiliwa kwa jina lake mwenyewe, nauli iliyotengwa kidogo kidogo, neno la siri ambalo rafiki akilisikia anajua apige simu. Asibadilishe namba zake zote za siri kwa siku moja, maana mdhibiti hugundua haraka na hali huweza kulipuka. Namba 116, yaani Sauti, ni ya bure na hupokea taarifa za watoto na za ukatili wa kijinsia. Polisi ni 999 au 112. FIDA Uganda, chama cha wanawake wanasheria kilichoanzishwa mwaka 1974, hutoa msaada wa kisheria. Kabla ya kutangaza namba yoyote, ipige kwa kila mtandao, mchana na usiku, uone kama inapokelewa na kama anayepokea anazungumza Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, lakini mezani pa huduma bado mara nyingi utajibiwa kwa Kiingereza au Kiganda.

Kusikiliza peke yake kuna kikomo. Mpango wa SASA! wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, uliobuniwa na shirika la Raising Voices na kuendeshwa na shirika la CEDOVIP katika mitaa ya Rubaga na Makindye jijini Kampala, uliwategemea majirani wa kawaida kuanzisha mazungumzo mwaka hata mwaka. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2014 iliukuta ukatili wa kimwili kutoka kwa wenza ukiwa chini kwa asilimia 52 kuliko mitaa iliyolinganishwa. Toa pamoja na kila kipindi maswali matatu ya kujadili kwenye kikundi cha akiba au cha kanisa, na yawe juu ya watu wa kwenye simulizi. Mtu asilazimike kuizungumzia ndoa yake mbele ya kikundi.

Ridhaa haiishi kwa saini

Manusura anayekubali kuhojiwa akutane nawe angalau mara tatu: mara ya kwanza bila kinasa sauti, mara ya pili kurekodi, mara ya tatu kusikiliza alichosema kabla hakijatoka. Kurekodi kusizidi dakika 90, na awe na mtu wake pembeni. Nauli na muda wake vilipwe, na malipo yasitegemee yaliyosemwa. Ndugu wa marehemu huwa hawana kauli moja. Mama anaweza kutaka dunia ijue, na watoto wakataka kimya. Watoto wakikataa, tafuta kisa kingine.

Kubadilisha sauti kwa kuipandisha au kuishusha hakumfichi mtu. Kunaweza kurudishwa nyuma kwa programu za kawaida, na jirani humtambua mtu kwa anavyosema "eeh" na anavyocheka. Njia ya uhakika ni mtu mwingine kuyasoma maneno yake, na msikilizaji aambiwe hivyo. Kisha ondoa vitu vinavyomtambulisha vikiunganishwa: kituo cha biashara, kanisa, kazi ya mume, idadi ya watoto na jinsia zao. Vitatu kati ya hivyo vinatosha kijiji kizima kujua ni nani. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mwenye taarifa, kwa hiyo rekodi ghafi zikae kwenye hifadhi yenye namba ya siri, siyo kwenye simu ya mhariri.

Na kabla hajasaini, aelezwe kwa maneno mepesi kwamba anaweza kujitoa, kwamba kipindi kitafutwa kwenye majukwaa siku atakayosema, lakini nakala zilizokwisha kupita kwenye WhatsApp na memori kadi hazitarudi. Mpe siku saba akalifikirie hilo, umwachie namba ya kupiga akibadili mawazo, na kinasa sauti kikae kwenye mkoba hadi atakapopiga yeye.